Waya wa Chumbani kwa Mama Mkwe

Fito za kupitishia waya zina sheria moja ambayo nimemwambia kila mtu niliyewahi kufanya naye kazi: ukishaziingiza darini, zungusha kulia tu. Ni vijiti vyembamba vya faiba, kila kimoja kina urefu wa mita moja hivi, na kila mwisho una skrubu ya shaba. Unaunganisha kimoja na kingine, unasukuma, unaunganisha tena, mpaka kichwa cha mbele kitokeze upande wa pili wa ukuta. Huko mtu anafunga waya kwenye ndoano, nawe unavuta fito na waya unakuja nazo. Ukizungusha kushoto, maungio yanalegea, na siku hiyo utaacha nusu ya fito zako ndani ya nyumba ya watu. Nimewacheka mafundi wengi kwa kosa hilo, wengine mbele ya wateja wao, kwa sababu sina subira na kazi ya ovyo.

Miezi minane baada ya kumzika mke wangu nililifanya mimi mwenyewe, nyumbani kwa mama yake, Usenge, ufuoni mwa ziwa.

Juu ya miezi hiyo minane sina mengi ya kusema. Niliamka, nilienda kazini, nilirudi. Nyamasaria, pembezoni mwa Kisumu, ninakoishi, nyumba zinaota kila upande wa barabara na fundi wa stima hakosi pa kupanda ngazi. Sikulia kaburini na sikulia baadaye, na watu wa kwetu Muhoroni walinitazama kama mtu anayeficha kitu. Sikuwa naficha chochote. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: unauona ni wako, unauinua, na haupo.

Kitu kimoja tu kilichobadilika nilikigundua mapema, nacho ni chakula cha mchana. Mke wangu alikuwa akinifungia kopo langu kwa kamba ya nailoni, kwa fundo dogo gumu la watu wa ufuoni alilofundishwa na mama yake walipokuwa wakishona nyavu. Sikuwahi kulifungua kwa vidole. Kila mchana nililikata kwa plaisi, koleo langu la kazi, na kila jioni nilinung'unika, naye akaniuliza ni fundi gani anayeshindwa na kamba. Siku hizi nanunua chapati kibandani na hakuna cha kukata.

Sasa niseme habari ya chumba.

Sisi Wajaluo, mwanamume haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Hapandi juu ya paa lake wala hakai kitandani kwake. Sebuleni atakaribishwa vizuri, atachinjiwa kuku, ataulizwa kama mvua imenyesha kwao, lakini pazia la chumba cha kulala ni mpaka. Vijana wa mjini wanacheka mambo hayo mpaka siku wanapooa. Mimi sikuyacheka, na ukweli ni kwamba yalinifaa.

Nyumba ya mama mkwe ilipata stima miaka kadhaa iliyopita: mita karibu na mlango, soketi moja chini yake, balbu moja sebuleni, basi. Chumbani aliendelea na koroboi. Mke wangu aliniomba nimwekee taa. "Wewe ni fundi wa stima," alisema, "na mama yangu analala na moshi wa koroboi." Nikamjibu kwamba anajua vizuri siwezi kuingia mle. Hilo halikuwa uongo. Uongo ulikuwa mahali pengine: fito zilikuwa nyuma ya gari langu siku zote. Kazi ya fito ni kufika mahali ambapo mtu hafiki. Nilijua hivyo nilipomjibu mara ya kwanza, na nilijua hivyo nilipomjibu mara ya tano. Sikutaka tu kupoteza Jumamosi yangu. Yeye aliuheshimu mwiko, akanyamaza, na alipougua, wiki tatu tu, hakulitaja tena ombi lile.

Simu ilitoka kwa jirani wa mama mkwe, mwanamke mwenye sauti kubwa anayeanika omena, dagaa wa ziwani, ufuoni na anayemwangalia Mama asubuhi na jioni.

"Bwana, Mama analala kwa kiti," alisema. "Kwa kiti, unasikia? Kama mgonjwa anangoja namba hospitali."

Akanieleza. Mapafu ya Mama yalikuwa yamechoka. Alikausha samaki kwa moshi karibu maisha yake yote. Hospitali ilimruhusu kurudi nyumbani kwa sharti kwamba apate mashine ya oksijeni. Mashemeji zangu, ambao wako mbali, walituma mashine nzuri na hawakuuliza itachomekwa wapi. Mpira wake wa puani ulikuwa mfupi, na soketi ilikuwa ile moja ya sebuleni. Walijaribu ekstensheni iliyopita chini ya pazia, mtu akaikanyaga, ikachomoka Mama akiwa usingizini. Tangu siku ile alilala kwenye kiti karibu na mlango, mahali ambapo kila anayebisha hodi anamwona amefungua mdomo. Fundi wa hapo alikuja, akaangalia, akaahidi Jumatatu, na Jumatatu yake ilikuwa haijafika.

"Anasema anataka kitanda yake tu," jirani alisema. "Hakuna kitu ingine anataka."

Nilisema nitakuja. Nilipanga vifaa vyangu kama ninavyovipanga kwa mteja yeyote, na njiani sikuwaza lolote ninaloweza kulikumbuka.

Nilifika saa nne asubuhi. Mama alikuwa amesikia gari, maana nilimkuta amekaa wima, kitambaa safi kichwani, mikono magotini, mpira chini ya pua. Blanketi lilikuwa limekunjwa na kufichwa nyuma ya kiti, ila pembe moja ilionekana. Mashine ilikuwa inanguruma miguuni pake.

"Karibu, fundi," alisema.

Tangu nilipooa alikuwa akiniita *orwa*, yaani mkwe wetu. Hata kwenye mazishi aliniita hivyo. Nilisikia tofauti, nikaiacha ipite.

"Umeamkaje, Mama?"

"Nimeamka kwa kiti."

Nilianza kazi. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Soketi, swichi na holda ya balbu nilizifunga zote kwenye ubao mmoja hapo hapo sebuleni, pamoja na waya wake mrefu. Jirani aliubeba ubao, akaingia nao chumbani na kuutundika kwenye misumari miwili juu ya kitanda. Mimi nilisimama juu ya stuli nikatoboa pembe ya dari ya sebule. Yeye kule ndani alitoboa dari ya chumba kwa msumeno mdogo, akifuata maneno yangu kutoka nyuma ya pazia, na kwa kelele nilizozisikia tundu lile lilitosha kupita paka. Iliyobaki ilikuwa fito zipite juu ya dari kutoka kwangu hadi kwake, afunge waya, mimi niuvute hadi kwenye mita. Kuzima stima ingekuwa dakika chache za mwisho tu. Mama angeweza kukaa bila mashine kwa muda wa kwenda msalani na kurudi. Zaidi ya hapo nesi alikataza.

Mama alikuwa ananitazama nikiunganisha.

"Hiyo vijiti inafika mpaka wapi?"

"Mpaka chumbani, Mama. Ukuta hauvizuii."

"Na wewe unabaki hapa."

"Nabaki hapa hapa."

"Ulinunua lini?" akauliza.

Ningeweza kusema mwezi uliopita. "Ni miaka sita sasa," nikasema.

Akageuza uso akatazama nje, kwenye mwanga wa mlango. Niliona wazi kwamba binti yake alikuwa amempelekea ile sababu yangu, na kwamba aliipokea kwa heshima, na kwamba sasa alikuwa anaihesabu upya. Ningependa kuandika kwamba niliona aibu. Niliona tundu la dari, nikaendelea kusukuma.

Fito ya sita iligoma. Haikugonga ukuta wala mbao. Hizo nazijua kwa mlio. Ilizama kwenye kitu laini kisha ikashikwa. Nikavuta, ikanyumbuka na kurudi palepale.

"Mama, kuna nini juu ya chumba?"

"Nyavu za mzee wangu," alisema. "Aliweka huko akisema atarudi ziwani. Hakuna mtu ameshika tangu azikwe."

Nikajaribu tena. Ndoano ya mbele ilikuwa imenasa kwenye nyavu na kila nilipovuta ilikaza. Ndipo mikono yangu, ambayo kwa miezi minane ilikuwa ikifanya kazi bila mimi, ikazungusha kushoto.

Nilijua mara moja. Fito ilikuja nyepesi mno. Zilirudi tatu, na mwisho wa ya tatu shaba ilikuwa tupu. Tatu nyingine, pamoja na ndoano, zilibaki juu ya kitanda cha mama mkwe wangu.

Jirani alichungulia kwenye pazia, akaona nilichoshika, akapiga makofi. "Yawa! Na huyu ndio fundi ya kutoka Kisumu!"

Sikuwa na fito za kutosha kujaribu upya, na duka lenye vifaa hivyo liko mbali. Nilishuka kwenye stuli nikakaa juu yake.

"Ingia," Mama akasema.

Nilidhani anamwambia jirani.

"Wewe. Ingia utoe mwenyewe."

"Mama, unajua siwezi."

"Unaweza. Yule alikuwa anafanya wewe mkwe ako chini ya mchanga. Sasa wewe ni fundi. Fundi anaingia kila mahali."

Hakusema kwa ubaya. Alisema polepole, akikata maneno ili apate pumzi, kama mtu anayekufungulia mlango mwenyewe akidhani unataka kutoka. Na hapo nikakasirika. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto, na nikashangaa, kwa kuwa nilikuwa nimesahau hasira inavyokuwa.

"Mimi ni mkwe," nikasema, kwa sauti ambayo mtu hamsemeshi nayo mama mkwe. "Siingii."

Jirani akaacha kucheka. Mashine ikaendelea kunguruma.

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi tangu siku hiyo. Kwangu Nyamasaria hapakuwa tena na kitu chochote kilichonitaka niwe mume wa mtu. Nguo zake walizichukua dada zake, kitanda nilikigeuza kikaangalia dirisha, simu yake ilikatwa laini. Lile pazia la kitambaa cha maua, kule Usenge, ndilo peke yake lililokuwa bado linanikataza kwa sababu yake. Kama ningelivuka, angekuwa amekufa huko pia. Wakati ule sikuwa na maneno hayo. Nilikuwa na hasira tu, na nilikuwa naogopa.

Mama akavua mpira puani, akautundika kwenye mkono wa kiti, akashika ukuta, akasimama.

"Mama, mashine," nikasema.

"Nimeona mashine." Akapita mbele yangu, hatua ndogo ndogo, akaliinua pazia, likashuka nyuma yake. Nikasikia springi za kitanda. "Mimi nimefika kwa kitanda yangu," akasema kutoka ndani. "Sitoki tena. Fundi, fanya haraka."

Jirani akatoka mbio, akachomoa mashine, akaisukuma chumbani pamoja na mpira wake, akaichomeka kwenye soketi ya ule ubao. Mashine ilikuwa mahali pake na mwenye kuihitaji alikuwa mahali pake, na kati ya hizo mbili na stima kulikuwa na dari yenye nyavu. Nilizima swichi kubwa papo hapo ili nisipoteze dakika baadaye. Nyumba ikanyamaza, na katika ukimya huo nikaanza kusikia pumzi ya Mama. Ilikuwa fupi na ilikwaruza.

Sikuona yaliyofuata, niliyasikia. Nilisikia jirani akipanda juu ya kitu, akiingiza mkono kwenye tundu lake kubwa, akivuta.

"Usivute," Mama akasema. "Nyavu haivutwi hivyo. Legeza. Tafuta kamba ya pembeni. Ndio hiyo. Sasa lete yote pole pole."

Kikaanguka kitu kizito kitandani, na harufu ya zamani ya ziwa na vumbi ikapenya hadi sebuleni. Jirani akapiga chafya. Kisha kukawa kimya, ila ile pumzi, na vidole vikifanya kazi. Haikuchukua muda. Fito zangu tatu zikapitishwa chini ya pazia moja baada ya nyingine, ndoano ikiwa safi, bila uzi hata mmoja ulioshikilia.

Niliziunganisha upya na kukaza kila ungio kwa plaisi. Nikasukuma, nikizungusha kulia, kulia tu. Zilipita bila kugusa kitu.

"Nimeshika!" jirani akapiga kelele. "Kichwa iko na mimi!"

"Funga waya kwa ndoano. Ufunge sana."

"Mimi sijui kufunga hii kitu, bwana. Inateleza."

"Leta hapa," Mama akasema.

Nilikuwa nimeshika mwisho wa fito juu ya kichwa changu, na kupitia faiba ile nilihisi mikono yake. Vilikuwa vitetemo vidogo: akapitisha, akazungusha, akarudisha, akakaza mara mbili. Halafu mvuto mmoja thabiti.

"Vuta," akasema. Neno hilo moja lilimgharimu, nilisikia.

Nikavuta. Fito zikarudi moja moja nami nikizifungua na kuziangusha sakafuni, mpaka ndoano ikatokeza kwenye tundu na waya nyuma yake. Na hapo kwenye ndoano, waya mnene wa stima ukiwa umelazimishwa kukunjwa kama uzi wa nyavu, lilikuwa lile fundo. Lile dogo gumu, lenye jicho ubavuni. Nilikuwa nimelikata kila mchana kwa miaka kumi na moja.

Nilipaswa kukata mara hiyo hiyo. Badala yake niliweka plaisi mfukoni nikaanza kulifungua kwa kucha. Sijui nilidhani nina muda gani, siku nzima labda. Nilitafuta mahali linapoanzia na sikupaona. Nilikuwa mtu mzima juu ya stuli, nimeshika waya, nachokora fundo, na nyuma ya pazia mama wa mke wangu alikuwa anakosa pumzi.

"Bwana!" Jirani hakuwa anatania tena. "Mama anachoka! Stima iko wapi?"

Nikatoa plaisi nikakata chini ya fundo, kama kila mchana. Likabaki kwenye kiganja changu, nikalitia mfukoni. Nikavua waya ngozi, nikaupeleka kwenye kisanduku cha mita, mwekundu, mweusi, wa kijani. Machozi yalikuja nilipokuwa nakaza skrubu ya mwisho. Sikuwa na mkono wa kuyafuta, hivyo niliyaacha yateremke mpaka shingoni, na niliona vibaya, lakini skrubu ile niliikaza vizuri. Nikainua swichi kubwa.

Mashine ikalia mlio wake wa kuamka, kisha ikaanza kunguruma, mara hii kutoka chumbani. Nilisimama nikiusikiliza mngurumo. Chini yake pumzi ya Mama ilikwaruza bado, ikakwaruza, halafu taratibu ikarefuka mpaka sikuweza kuisikia tena. Jirani akasema jina la Mungu kwa Kijaluo, mara tatu, akaketi sakafuni, nilimsikia akiketi.

Nilikusanya fito. Nilihesabu maungio, nikafuta shaba kwa kitambaa, kwa kuwa ndivyo ninavyofanya baada ya kila kazi.

"Orwa," Mama akaita.

Nilifuta uso kwanza. "Naam, Mama."

"Hii kitu imewaka hapa juu yangu."

Nilikuwa nimeisahau balbu. Nilipofunga ule ubao asubuhi niliacha swichi yake imebonyezwa, kosa la pili katika siku moja. Kweli, pembeni mwa pazia kulikuwa na mstari wa mwanga mweupe ambao haukuwapo kabla.

"Saa saba mchana," akasema, pumzi ikiwa imemrudia kiasi cha kutania, "ndio unaniwashia taa?"

"Nimechelewa, Mama."

Nikasikia springi za kitanda, akijiweka vizuri.

"Umechelewa," akasema, wala hakuizima.